Damu Iliyokosa Hakimu



Leo tutafakari maisha ya Rodolfo Graziani, jenerali wa Italia aliyeutumikia utawala wa Mussolini. Huko Libya, kuanzia mwaka 1930, raia wapatao 100,000 wa upande wa mashariki walihamishwa kwa nguvu wakafungiwa kambini, na maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Mzee Omar al-Mukhtar, kiongozi wa upinzani, alinyongwa hadharani mwaka 1931.

Tarehe 19 Februari 1937, akiwa mtawala wa Ethiopia, Graziani alinusurika mabomu mjini Addis Ababa. Kisasi kikawaangukia maelfu ya wakazi wasio na hatia. Mwezi Mei akaamuru watawa wa Debre Libanos wapigwe risasi. Mwenye kuamuru alikuwa Mkatoliki, na baadhi ya maaskofu wa Italia walikuwa wameisifu vita ile.

Mwaka 1950 mahakama ya kijeshi ya Italia ilimhukumu kifungo cha miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani. Kwa damu ya Waafrika hakushtakiwa kamwe. Aliachiwa baada ya miezi michache, akafa mwaka 1955. Mwaka 2012 alijengewa jengo la kumbukumbu mjini Affile.

Ndugu, haki yenye kuchagua wa kumlilia imekwisha kupotoka. Damu ya Abeli ilimlilia Mungu kutoka ardhini, naye akaisikia. Basi katika jumuiya zetu ndogondogo tuulizane: ni kilio cha nani tunachokipita kwa kuwa aliaye si wa kwetu?