Hotuba Fupi Juu ya Kijito Chetu

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mnaonusa pilau huko nyuma:

Nimetakiwa nieleze kazi yangu ya serikali katika mambo ya maji. Nitasema juu ya kijito cha hapo bondeni tu. Siku zetu, ukishuka kufua shati, kila jiwe uliloinua lilikuwa na kaa, mabuu ya kereng'ende, na wale wadudu wadogo wanaojijengea vijumba vya mchanga, tuliwaita "wajenzi". Baadaye maji ya kumenyea kahawa yakawaua wote.

Uchafu ule ulikoma zamani. Mimi mwenyewe niliyapima maji, nikaandika kwamba kijito kimepona. Jana nimeshuka tena: minyoo na konokono, basi. Nilikuwa nimepima maji bila kuinua jiwe hata moja.

Kwa nini hawarudi? Wajenzi hukulia majini, kisha huota mabawa, na majike huruka kufuata mto kwenda juu kutaga. Huko chini, kijito kinapoingia mto mkubwa, wapo tele. Lakini kati yao na sisi pana kalvati mbili za barabara. Kule Christchurch, New Zealand, wataalamu waliwatega wadudu wa jamii hiyo katika vijito vya mjini, na taarifa yao ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba kalvati huwazuia wengi wasipande. Kwa juu nako liko lambo: mabuu wanaochukuliwa na mkondo hukwama katika maji yaliyotulia.

Waliona pia kwamba baadhi ya majike hutaga chini ya mawe makubwa yanayochomoza juu ya maji, nayo mjini ni haba. Hapa kwetu msiulize yalikokwenda. Tuliyabeba vichwani, tukiwa kidato cha pili, kujenga msingi wa bweni mnalolala.

Ndugu Mwenyekiti, mfuko wetu umetenga fedha za kalvati ya tatu, penye njia ya uwanja wa mpira. Naomba tujenge daraja dogo badala yake, lenye nafasi na mwanga chini yake. Najua litagharimu zaidi. Nami nitatoa mchango wangu mara mbili. Na yale mawe yaliyobaki nyuma ya jiko tuyarudishe kesho asubuhi, kabla basi halijaondoka.