Tusisubiri Maafa Yabishe Hodi

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Karagwe na Kyerwa)

Leo tuzungumze juu ya maafa, na juu ya fedha ya kuyazuia.

Wengi wetu tukisikia neno maafa tunafikiria misaada: mahema, mablanketi, unga na maharage. Misaada ni mizuri. Lakini misaada huja wakati nyumba imekwisha anguka. Je, kabla haijaanguka, nani anatoa fedha?

Tukumbuke tarehe 10 Septemba 2016. Ilikuwa kama saa tisa na nusu alasiri. Ardhi ilitetemeka mkoani kwetu Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa. Huko Bukoba majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Hakuna awezaye kuizuia ardhi isitetemeke. Lakini nyumba yenye msingi imara, kona zilizofungwa vizuri na mkanda wa zege juu ya madirisha, haianguki upesi.

Janga lingine lilikuja kimya kimya. Ni mnyauko wa migomba. Uganda uligunduliwa mwaka 2001. Mwaka 2006 ukagunduliwa hapa Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Dawa ya kuuponya mgomba huo haipo. Nasi tunajua mgomba ni nini kwetu. Ndio chakula cha watoto. Ndio kivuli cha mibuni. Ndio karo ya shule.

Sasa tupige hesabu. Kuzuia mnyauko kunagharimu nini? Mti wenye panda wa kuvunjia ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, ili wadudu wasichukue ugonjwa hapo. Moto wa kuchomea panga kabla ya kuhamia shina lingine. Machipukizi safi ya kupanda. Jembe la kung'olea mgomba ulioougua. Basi. Hizo ni gharama ndogo.

Kilicho ghali ni jirani asiyetaka kung'oa. Tusimlaumu sana. Kung'oa mgomba wako mwenyewe kunauma. Lakini wadudu hawaujui mpaka wa kibanja. Mmoja akikataa, kijiji kizima kinaumia. Hapo ndipo serikali za mitaa zinapotakiwa.

Serikali za mitaa ni nani? Ni kijiji chako, na ni Halmashauri ya Wilaya, ya Karagwe au ya Kyerwa. Sheria ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria hiyo ndogo husomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ninyi mkatoa maoni yenu. Kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya ikubaliwe. Kijiji kinaweza kuagiza kila mwenye mgomba mgonjwa aung'oe, na majirani wamsaidie kazi. Fedha nyingi haihitajiki. Panahitajika mapatano.

Yapo pia mambo yanayohitaji fedha: bwana shamba apate mafuta ya pikipiki, darasa lenye ufa likarabatiwe, mtaro wa maji ya mvua uchimbwe. Fedha hiyo inatoka wapi? Nyingine inatoka Serikali Kuu. Nyingine ni yetu wenyewe. Kahawa inapouzwa, Halmashauri hupata ushuru wa mazao. Mwaka 2017 sheria iliupunguza ushuru huo: mazao ya biashara yasizidi asilimia 3, na ya chakula asilimia 2. Kwa hiyo mkulima wa kahawa ana haki ya kuuliza: katika fedha hii, kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya kuzuia maafa?

Lakini tuulize kwa wakati wake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Huanzia kijijini, hupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, halafu hufika kwenye baraza la madiwani. Ukileta hoja yako mwezi Juni umechelewa. Jambo lisiloandikwa kwenye mpango wa kijiji ni vigumu kupata fedha wilayani.

Sheria ya maafa ya mwaka 2015 ilitaka kamati za maafa ziwepo mpaka vijijini. Sheria mpya ya mwaka 2022 nayo inazitaka. Kamati siyo ya kugawa unga tu. Kazi yake ni kuangalia hatari mapema.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tunaomba mwende, na mwulize mambo matatu. Kwanza, kamati yetu ya maafa ni akina nani, na mara ya mwisho walikutana lini? Pili, tunayo sheria ndogo ya mnyauko, na inafuatwa? Tatu, mpango wa mwaka ujao umeandika nini juu ya maafa?

Ninyi mnajua kusoma. Majibu yakibandikwa ubaoni, yasomeni. Yasipobandikwa, yadaini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona. Udongo wa kuuziba tunao.