Moto, Maji na Nundu ya Mti: Mhadhara juu ya Ladha ya Tumbaku Katika Kiko



Marehemu mjomba wangu, ambaye maishani mwake alikuwa na kiko kimoja tu, alichokinunua bandarini kwa baharia, alishikilia daima kwamba utamu wote wa tumbaku umo katika mti, na kwamba mwenye kiko duni, hata akivuta jani la peponi, hatapata ila moshi. Nami, niliyejaaliwa baadaye kuipima dhana hiyo kwa mizani ya kemia, nasimama jioni hii kumkosoa kwa adabu.

Mti wenyewe una sharafu yake. Ni Erica arborea, uotao katika nchi zizungukazo Bahari ya Mediterania, na hata juu ya milima yetu ya Afrika Mashariki. Walakini kinachochongwa si shina wala tawi, bali ni nundu iliyo baina ya shina na mizizi, ambayo huchukua miongo kadhaa kufikia ukubwa wa kufaa. Mafundi wa Saint-Claude, katika milima ya Jura huko Ufaransa, waliishika kazi hii katikati ya karne ya 19. Nundu huchemshwa kwa saa nyingi hata tanini na utomvu vitoke, kisha hukaushwa kwa miezi, na pengine miaka. Na pale kazi hiyo ilipofanywa kwa pupa, moshi huwa na uchungu wa ubichi. Hapo mjomba alikuwa na haki. Lakini mti uliokauka barabara, hulka yake ni kunyamaza: hauungui kwa wepesi, haukichomi kiganja, hunywa unyevu, basi.

Ladha yaanzia kwenye jani, na zaidi katika namna lilivyokaushwa. Jani la mvuke, kama lile la mabani ya Urambo, hukaushwa kwa joto ambalo huliua mapema, baada ya wanga wake kugeuka sukari, nayo sukari hiyo hubaki ikautia moshi uchachu. Ilhali jani la hewa, likifa taratibu kivulini, hujila sukari yake lenyewe, na moshi wake huelekea magadi. Ama tumbaku ya Latakia, iliyopata jina kutokana na bandari ya Shamu na ambayo leo hutoka hasa Kupro, hufukizwa kwa moshi wa kuni hata ikawa nyeusi.

Walakini mvutaji mwenye haraka aweza kuyaharibu haya yote. Tumbaku ya kiko aghalabu huuzwa ikiwa na maji mengi kuliko ya sigara, na kuungua kwenyewe huzalisha maji mengine. Kwa hiyo avutaye kwa pupa huupeleka ulimini mvuke wa moto, kisha akalia kwamba jani ni kali, ilhali kilichomuuma ni maji. Akivuta polepole, kaa likikaribia kuzimika, manukato hupaa kabla hayajateketea, nayo hupanda kupitia nyuma ya koo hadi puani, ambako ndiko sehemu kubwa ya kile tukiitacho ladha hutambuliwa. Mwenye mafua ana haki ya kulaumu kiko chochote. (Wala asitoke mtu humu akidhani nahimiza uvutaji: moshi huu, hata usiposhuka mapafuni, huleta saratani ya mdomo na koo.)

Labaki jambo la ukoko, yaani lile gamba jeusi la makaa linalojijenga ndani ya kiko kama ukoko wa wali sufuriani. Huukinga mti na moto, lakini pia hushika harufu, hata kiko kilichozoea tumbaku ya manukato huendelea kuisimulia siku nyingi baada ya jani kubadilishwa.

Kiko cha mjomba nilikirithi mimi. Nilipokipasua kwa msumeno, ukoko ulinukia karafuu, ambazo alikuwa akizitia katika mkebe wake wa tumbaku bila ya kumwambia mtu. Chini ya ukoko, mti ulinukia mbao.