Magoti ya Wazee Wetu na Vidonge vya Salfa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili, Singida)



Tumepokea ombi kutoka kwa kamati ya usharika mmoja. Wanataka sehemu ya mfuko wa wazee itumike kununua vidonge vya salfa, vile vinavyotembezwa nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya bibi na babu zetu wanaoumwa magoti. Ombi limeandikwa kwa upendo, na hatukutaka kulijibu kwa barua ya mistari miwili. Tena tuna la kuungama. Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilipokea katoni ya vidonge vya glukosamini kutoka kwa marafiki. Tuligawa kwa furaha, na vilipokwisha hatukurudi hata kwa mzee mmoja kumwuliza kama alikuwa anainuka kitandani kwa wepesi zaidi. Picha tulipiga.

Wauzaji hawasemi uongo katika kila neno. Ni kweli kwamba gegedu, lile tandiko laini lililo kati ya mfupa na mfupa gotini, lina salfa ndani yake. Salfa hiyo husaidia gegedu kushika maji, nalo likikanyagwa hubonyea na kurudi kama sifongo. Lakini kutoka hapo wanaruka mto mpana: meza salfa, gegedu litaota upya. Hilo halijathibitishwa.

Mwaka 2006 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,583 wa magoti, lililofanyika kwa wiki 24. Kwa ujumla, waliopewa glukosamini, kondroitini au vyote viwili hawakupata nafuu kuwazidi waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote. Na hao wa vidonge vitupu, watu kama 6 katika kila 10 walisema maumivu yamepungua! Kwa hiyo shuhuda tunazosikia minadani si lazima ziwe za uongo. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na matumaini nayo yana nguvu. Ile salfa iitwayo MSM imepimwa kwa vikundi vidogo, kimoja cha watu 50 kwa wiki 12, na nafuu iliyoonekana ilikuwa ya wastani tu. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilishauri kwa mkazo kwamba glukosamini na kondroitini visitumike kwa goti lililochakaa.

Hasara ya fedha tungeweza kuivumilia. Kinachotutisha ni kile kisichoandikwa kwenye kopo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya viungo viitwavyo Artri King, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa. Mzee akimeza hivyo atacheza ngoma wiki ya kwanza. Baadaye tumbo linaweza kutoka damu, sukari na presha kupanda, na akiacha ghafla anaweza kuanguka. Kopo likifanya maajabu kwa siku tatu, lipelekeni kwa mganga mkuu wa kituo alione. Wala asije mtu akadhani salfa ya kupuliza mikorosho kule Manyoni ni kitu kilekile. Hiyo hailiwi.

Je, wazee wetu wana upungufu wa salfa? Mwili huipata hasa katika protini: mayai, nyama, samaki, maziwa, nafaka na mikunde. Ugali wa uwele au mtama kwa kunde hukamilishana vizuri. Vitunguu vyetu vina salfa pia, ndiyo inayotutoa machozi, ila kwa kazi hii protini ndiyo kubwa. Tunakoishi ndiko wanakotoka kuku wanaoliwa Dar es Salaam, na bado bibi anakula mlenda mtupu ili mayai yauzwe. Bei ya kopo moja ingemnunulia trei za mayai.

Sasa jambo ambalo ombi halikulitaja. Maji ya visima vingi vya mkoa huu yana floraidi nyingi. Meno ya kahawia ya watoto wetu sote tunayafahamu. Lakini maji hayohayo yakinywewa miaka mingi huingia kwenye mifupa, viungo vikakakamaa, mgongo ukagoma kupinda, na mtu akaambiwa ni uzee. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu, kwa miaka mingi, kiwango kilichoruhusiwa vijijini kilikuwa juu ya hapo. Kuchemsha hakuiondoi. Ipo njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa, iliyofanyiwa utafiti Ngurdoto, Arusha, na pia yapo maji ya mvua kutoka kwenye bati za makanisa yetu, ambayo leo yanamwagika bure uani.

Kwa sababu hiyo ofisi inapendekeza fedha zilizoombwa zisinunue vidonge. Zianze kupima maji ya visima wanavyotumia wazee walioorodheshwa, na salio liende kwenye mikongojo na nauli ya kuwafikisha hospitalini, Iambi au iliyo karibu, hasa mwenye kiungo kilichovimba na kuwa cha moto. Akina mama wa diakonia wanaweza kufundisha zoezi moja: mzee aketi kigodani, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano, aushushe taratibu, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Safari hii tutawarudia baada ya miezi mitatu kuwauliza.

Kila kamati ilete chupa moja ya maji kutoka katika kila kisima, imeandikwa jina la kisima na mtaa. Chupa safi za plastiki zipo kwa katibu pale mlangoni.