Simu ya mzee inahitaji mtu wa kuishika

(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili)



Kuna pendekezo mezani la kununua tableti kwa wazee wa ile nyumba ya wazee tunayotembelea, moja kwa kila chumba. Ni pendekezo la moyo mzuri na tunalishukuru. Lakini sisi wa komite tunasema tableti zingoje kwanza. Tunaomba mutusikilize ni juu ya nini.

Munajua wazee wale walifika pale namna gani. Wengi walikaa kambini Tanzania, Lugufu ama Nyarugusu, wakapanda meli Kigoma kuja Baraka wakati safari za kurudi zilipoanza mwaka wa 2005 na miaka iliyofuata. Watoto wao wengine walibaki kambini, wengine walipata njia ya Marekani, Kanada, Australia. Kwetu sisi mzee kulala nyumba ya wazee ni haya, na watu hawakosi kuuliza: "Kwani huyu hakuzaa?" Alizaa. Ni vile tu wana wako ng'ambo.

Sasa, je, picha ya mtoto kwenye kioo inaondoa upweke? Wengine walishalipima jambo hili. Mwaka wa 2020, wakati Covid ilifunga milango ya nyumba za wazee Ulaya na Amerika, Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za afya, walitafuta uchunguzi wote juu ya simu za video kwa wazee. Walipata tatu tu zenye kufaa, zote za Taiwan, watu 201 kwa jumla, wote wakaaji wa nyumba za wazee. Baada ya miezi 3 upweke ulipungua kidogo sana ama haukupungua kabisa, na wenyewe walisema ushahidi ule bado ni dhaifu. Hatusemi simu haina kazi. Tunasema kuinunua tu haitoshi, na yale tunayoyaona kila wiki yanatuambia hivyo hivyo.

Angalieni jambo la saa. Mtoto aliye mashariki ya Marekani akipiga saa sita yake ya mchana, wakati wa baridi yao huku ni saa moja ya jioni. Mwezi wa tatu wanasogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi, basi simu ile ile inalia huku saa kumi na mbili, mzee angali anaoga. Mwezi wa kumi na moja wanazirudisha. Mzee anakaa saa nzima na simu mkononi, na hapo anaanza kuwaza kama mtoto amekufa. Nani atamweleza, kama hakuna mtu karibu?

Kuna wenye mtoto wa jicho, picha hawaioni. Hao wanataka sauti kubwa tu. Kuna wajukuu waliokulia kule, Kiswahili chao kimebaki "jambo koko", halafu kimya, na mega zinaendelea kukatika. Kijana aliye pembeni ndiye anaokoa mazungumzo: "Koko, mwambie ile hadithi ya sungura." Mjukuu anacheka hata kama hakuelewa yote.

Tena, tusifikiri kila mzee anangoja mtoto tu. Mama mmoja pale hakutuomba tumpigie mwanawe, alituomba jirani yake wa Nyarugusu, waliyechota maji bomba moja miaka mingi. Walisemezana mpaka betri ikaisha. Kuuliza "unataka kusema na nani?" hakuhitaji franga, lakini kunahitaji mtu wa kuuliza na kungoja jibu.

Kwa hiyo komite inaomba hivi. Simu mbili nzuri zenye spika kubwa kwa nyumba yote, na sahani moja ya jua ya kuchaji, basi. Franga zinazobaki zilipe nauli na chakula cha vijana wawili, siku mbili kila wiki, na mega za mwezi. Wawe na daftari: jina la mzee, namba, siku na saa ya kupigiwa. Namba za ng'ambo zinabadilika sana, daftari lisahihishwe kila mwezi. Na mazungumzo ni ya mzee: kijana akishamwunganisha na mzee akataka kubaki peke yake, atoke nje.

Wafadhili, tunajua tableti inaonekana kwenye picha ya ripoti, nauli ya kijana haionekani. Tutawaletea daftari muone ni simu ngapi zilipigwa na ngapi zilikosa kupokelewa.

Na ninyi wana mlio ng'ambo munaosoma maneno haya: chagueni siku moja ya wiki mnayoweza kuishika kweli. Afadhali dakika tano kila siku ya Mungu kuliko saa mbili za Noeli. Tumeni namba na saa kwa sekretari kabla ya mwisho wa mwezi, na muandike pia namna wajukuu wanavyoitwa, juu wazee wanatuuliza majina na sisi hatuyajui.