Ofisa Uhusiano, Mwandishi wa Habari, na Jina la Msemaji



Ofisa uhusiano hulipwa ili ajenge imani ya watu juu ya shirika, idara au mtu aliyemwajiri. Mwandishi wa habari hulipwa ili awaeleze wasomaji mambo yaliyotokea, yakiwamo yale ambayo shirika, idara au mtu huyo angependa yasijulikane. Watu hawa wawili hukutana karibu kila siku. Hupigiana simu, hunywa chai pamoja, na mara nyingi walisoma chuo kimoja. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, na kila mmoja anamwonea mwenzake shaka. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza chanzo cha shaka hiyo, na kwa nini isiombewe iishe.

Yawezekana mtu akauliza: shirika lenye fedha linahangaika nini na waandishi, hali linaweza kununua nafasi ya tangazo na kusema litakalo? Jibu ni kwamba tangazo hujulikana kuwa ni tangazo. Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huivutia kwake. Msomaji aonapo sabuni ikisifiwa na mwenye kiwanda cha sabuni, hupunguza sifa hizo kwa kadiri aonavyo. Maneno yaleyale yakichapishwa kama habari, chini ya jina la mwandishi asiye na hisa kiwandani, huaminiwa. Ofisa uhusiano basi hatafuti nafasi ya gazeti tu. Anatafuta imani ambayo wasomaji wamelipa gazeti lao kwa miaka mingi. Anapoitumia huku jina la bwana wake likionekana, hapana mwenye haki ya kulalamika. Balaa huanza pale jina linapofichwa.

Jambo hili lilifahamika mapema na mtu ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa kazi hii, Ivy Lee wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1877. Alikuwa mwana wa mchungaji, na kabla ya yote alikuwa mwandishi wa magazeti katika jiji la New York. Alizijua shida za wahariri kwa kuwa alizionja. Mwaka 1906 wenye migodi ya makaa ya mawe walimwajiri wakati wa mgogoro na wafanyakazi wao. Lee akawapelekea wahariri tamko la kanuni zake. Alisema kwamba ofisi yake si ofisi ya siri, kwamba kazi yote itafanywa hadharani, kwamba habari atakazotoa zitakuwa sahihi, na kwamba mhariri yeyote atakayetaka kuhakikisha jambo atasaidiwa. Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba mwaka huohuo treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, na watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli siku zile ilikuwa kuwafukuza waandishi na kunyamaza. Lee aliwaalika waandishi wafike mahali pa ajali kwa gharama ya kampuni, akawaandikia taarifa ya yaliyotokea. Taarifa hiyo hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo ya kwanza ya aina yake, nayo New York Times iliichapisha kama ilivyoandikwa.

Hapana budi kukiri kuwa hilo lilikuwa jambo jema. Wananchi walipata habari waliyonyimwa hapo awali, na walijua imetoka kwa nani. Lakini fundi huyohuyo, miaka minane baadaye, alifanya kazi ya namna nyingine kabisa.

Mwezi wa Septemba 1913 wachimba makaa wa jimbo la Colorado waligoma. Mwajiri mkubwa miongoni mwa wenye migodi alikuwa kampuni ya Colorado Fuel and Iron, iliyokuwa mikononi mwa ukoo wa Rockefeller. Wagomaji walitolewa katika nyumba za kampuni, wakahamia kwenye mahema pamoja na wake zao na watoto. Tarehe 20 Aprili 1914 askari wa jimbo wakishirikiana na walinzi wa kampuni waliishambulia kambi ya mahema ya Ludlow kwa risasi, kisha kambi ikateketea kwa moto. Wanawake 2 na watoto 11 waliokuwa wamejificha katika shimo chini ya hema walikufa humo kwa kukosa pumzi. Marekani nzima ilishtuka, na Rockefeller mdogo akamwita Ivy Lee.

Lee alitoa mfululizo wa vijarida juu ya mgomo wa Colorado, vikapelekwa kwa wahariri, viongozi wa dini, walimu na watu wengine wenye sauti katika jamii. Vilichapishwa Philadelphia, mbali kabisa na migodi, lakini vilitiwa posta Denver katika jimbo la Colorado, ili ionekane ni sauti ya wenye migodi wa pale wenyewe. Jina la Lee halikuonekana. Humo mlikuwa na habari kwamba viongozi wa chama cha wafanyakazi walijilipa fedha nyingi za kutisha, kumbe malipo ya mwaka mzima yameandikwa kana kwamba ni ya majuma tisa. Alipohojiwa na Tume ya Marekani ya Uhusiano wa Viwanda, iliyoongozwa na Frank Walsh, Lee alikiri kwamba hakufanya jitihada yoyote ya kuhakikisha ukweli wa yale aliyopewa na kampuni. Yule aliyeahidi wahariri usahihi mwaka 1906 sasa alikuwa tarishi wa tajiri. Katika Marekani kuna mmea utambaao, wa jina linalofanana na lake, uwashao ngozi kama upupu. Mwandishi wa riwaya Upton Sinclair alimpachika jina la mmea huo, nalo likamganda hadi kufa. Mwaka 1934 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani aeleze ushauri aliokuwa akiipa kampuni ya Kijerumani ya I. G. Farben wakati utawala wa Hitler umekwisha kushika hatamu. Alifariki mwezi Novemba mwaka huohuo.

Baada yake walifuata wengine waliokuwa hodari zaidi. Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, siku ya Pasaka mwaka 1929 alipanga wasichana wavute sigara hadharani katika barabara ya Fifth Avenue mjini New York, wakisema kuwa wanadai uhuru wa wanawake. Wapiga picha walikuwapo, magazeti yakaandika. Aliyelipa gharama ni kampuni ya American Tobacco, jambo ambalo wasomaji hawakuambiwa.

Tumbaku inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana hapo udhaifu wa mwandishi mwenyewe ulitumiwa dhidi yake, na udhaifu huo ulikuwa sifa yake njema. Mwezi Desemba 1953, baada ya wanasayansi kuonyesha kwamba lami ya sigara ikipakwa katika ngozi ya panya huleta uvimbe wa saratani, wakuu wa kampuni za sigara walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakaikabidhi kazi kampuni ya uhusiano ya Hill and Knowlton. Tarehe 4 Januari 1954 tangazo lao lilitokea katika magazeti zaidi ya 400. Lilisema kwamba afya ya watu ni dhamana yao kubwa kuliko yote na kwamba wataunda kamati ya utafiti. Kamati ikaundwa kweli, na shughuli zake za mwanzo ziliendeshwa na watu wa Hill and Knowlton.

Tangu hapo mwandishi aliyeandika juu ya sigara na saratani aliombwa kwa upole awe mwadilifu: asikilize pande zote mbili. Nani angekataa? Kila mwandishi hufundishwa kusikiliza pande zote. Alipewa jina la mtaalamu wa kumpigia simu, na mtaalamu akamwambia kwamba jambo bado halijathibitika. Habari ikatoka ikiwa na upande huu na upande ule, kama mechi ya mpira, hali sayansi ilikuwa imekwisha kuelemea upande mmoja. Hata baada ya ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya Januari 1964, shaka hiyo iliendelea kulimwa na kumwagiliwa. Mwezi Agosti 2006 jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington aliamua kwamba kampuni hizo zilishirikiana kuwadanganya wananchi kwa miongo mingi. Waliokufa kwa sigara katika muda huo hawakuwa na la kufanya na hukumu hiyo.

Kampuni hiyohiyo ya Hill and Knowlton ndiyo iliyokuwa nyuma ya ushahidi uliotolewa mbele ya kikundi cha wabunge mjini Washington tarehe 10 Oktoba 1990. Msichana wa miaka 15, aliyetajwa kwa jina moja tu la Nayirah, alisema kwa machozi kwamba aliona askari wa Iraki wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za joto hospitalini Kuwait na kuwaacha sakafuni wafe. Habari ikazunguka dunia, na Rais George Bush mkubwa akairudia mara kadhaa kabla ya vita. Mwezi Januari 1992, vita vikiwa vimekwisha karibu mwaka mzima, ndipo magazeti yakafichua kwamba msichana yule alikuwa binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani. Kisa chenyewe hakikuweza kuthibitishwa. Swali moja tu, huyu ni binti wa nani, lingetosha kuwatahadharisha waandishi. Halikuulizwa kwa wakati wake.

Asidhani mtu kuwa hayo ni ya ng'ambo peke yake. Mwaka 2016 kampuni ya Bell Pottinger ya London ilichukua kazi ya Oakbay, kampuni ya ukoo wa Gupta wa Afrika Kusini, uliokuwa karibu sana na Rais Jacob Zuma, kwa malipo ya pauni 100,000 kwa mwezi. Ukoo huo ulikuwa ukituhumiwa kuiteka serikali. Kampeni iliyoendeshwa ilielekeza macho ya watu kwenye ukiritimba wa mitaji ya Wazungu. Sasa, dhuluma ya uchumi iliyoachwa na ubaguzi wa rangi ni kweli tupu, na Mwafrika wa Soweto hahitaji kufundishwa hilo na mtu wa London. Ubaya ni kwamba kilio cha haki cha wanyonge kiligeuzwa ngao ya tajiri mmoja, na aliyekuwa akilipia ngao hiyo hakutajwa. Waandishi wa amaBhungane na Daily Maverick, waliochapisha barua za siri za ukoo huo mwaka 2017, waliliweka wazi jambo lote. Mwezi Septemba mwaka huo chama cha kampuni za uhusiano cha Uingereza kiliifukuza Bell Pottinger uanachama, na kabla ya mwezi kwisha kampuni yenyewe ilikuwa imeanguka.

Hata hivyo, haifai kuwatupia lawama zote maofisa uhusiano. Wengi wao ni watu waaminifu, na pasipo wao mwandishi asingejua chanjo inaanza lini au barabara ipi imefungwa. Isitoshe, mlango wa gazeti haujifungui. Mwaka 2008 Nick Davies, mwandishi wa Uingereza, alitangaza matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff juu ya habari za magazeti matano yenye heshima ya nchi hiyo. Asilimia 60 ya habari zilizochunguzwa zilitokana zote, au kwa sehemu kubwa, na mashirika ya habari au taarifa za maofisa uhusiano. Ni asilimia 12 tu zilizohakikishwa kuwa zimetafutwa na waandishi wenyewe. Chumba cha habari chenye watu wachache na kurasa nyingi hupokea kilicholetwa tayari, hasa kikiletwa kimeandikwa vizuri, kina picha, na kimefika kabla ya saa kumi jioni.

Hapa Afrika huongezwa na bahasha. Mwandishi asiye na mshahara wa maana huitwa kwenye mkutano, hupewa taarifa iliyochapwa, na pamoja nayo nauli. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinakataza rushwa, na anayetoa bahasha hasemi kamwe kuwa ni rushwa. Lakini msomaji wa kesho yake haambiwi kwamba habari ile ilikuja na nauli.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa la Serikali ya kikoloni, na halikuficha kuwa ni la Serikali. Babu aliyelisoma barazani alijua mkoloni anasema nini na kwa nini anasema, akachukua la ukulima na kuacha la utii. Hiyo ni heshima ambayo msomaji wa leo mara nyingi hapewi.

Linabaki suala la ofisi za umma. Ofisa habari wa halmashauri hatumikii kiwanda. Habari alizo nazo zimepatikana kwa fedha za wananchi haohao wanaoziuliza, na tangu mwaka 2016 ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mathalani, dawa zimekwisha katika zahanati fulani, na mwandishi anapiga simu. Ofisa akisema dawa zimekwisha tarehe fulani, shehena inatarajiwa siku fulani, na msemaji ni mganga mkuu wa wilaya kwa jina na cheo chake, amefanya kazi yake yote. Akijibu kwamba huduma zinaendelea kuboreshwa, amejibu kama wakili. Lakini mara nyingi kosa si lake. Wakuu wake hawamkaribishi vikaoni, hawampi takwimu, humkumbuka siku mgeni rasmi anapokuja na mpiga picha anatakiwa. Huambiwa habari mbaya akiwa wa mwisho, na wakati huo muuguzi wa zahanati amekwisha kumpigia mwandishi.