KUTOA VIKOMBE VYA GOLOLI KATIKA SHINGO YA BAISKELI KUUKUU

Maneno ya mazungumzo kwa wenye baiskeli wa Suam, Kitale na Bungoma



Katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, tangu forodha ya Suam kando ya mto wenye jina hilo hilo, mpaka Endebess na Kitale, na upande wa kusini mpaka Bungoma, baiskeli si chombo cha matembezi tu. Hubeba magunia ya mahindi, makopo ya maziwa na mitungi ya maji, tena hubeba watu. Huko Busia, mpakani, magharibi ya Bungoma, katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli walianza kuvusha abiria baina ya Kenya na Uganda, na mwito wao wa "boda, boda" ndio uliozaa jina la bodaboda. Pikipiki zimekwisha kutwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini baiskeli ya chuma ingali inawatumikia wengi, na nyingine zina umri mkubwa kuliko wanaozipanda.

Katika baiskeli ya namna hiyo, kitu kinachoharibika bila kuonekana ni vikombe vya gololi. Viko viwili, kimoja juu ya shingo ya fremu na kimoja chini yake. Gurudumu likianguka katika shimo, pigo hupanda katika uma hata kikombe cha chini, na gololi huchimba vishimo vidogo. Mwishowe usukani hujishika unapokuwa sawa sawa, kana kwamba umefungwa. Mtu anayeteremka kilima na gunia nyuma yake huhitaji kugeuza usukani kidogo kidogo. Ukimshika ghafula, atatupwa chini pamoja na mzigo wake. Wako wanaotia grisi mpya wakadhani wamemaliza kazi. Grisi haizibi shimo. Vikombe hivyo havina budi kutolewa.

Kwanza, fundi huondoa gurudumu la mbele na kufungua fimbo za breki. Hulegeza bolti ndefu ya usukani mizunguko michache, huweka kipande cha mti juu yake na kukigonga, ili kabari iliyo ndani ianguke, kisha huuvuta usukani. Baada ya kufungua nati za juu, huushusha uma polepole juu ya kitambaa, gololi zisipotee. Huzihesabu za juu na za chini, na kuandika idadi yake.

Pili, kama kutu imeshika, hutia mafuta mepesi pembezoni mwa vikombe na kuyaacha usiku kucha. Moto haufai: huunguza rangi, na ukizidi hulegeza maungo ya fremu yaliyounganishwa kwa shaba.

Tatu, huchukua chuma kirefu chenye ncha bapa, hukipitisha katika shingo kutoka upande wa pili, na kukiegemeza juu ya ukingo wa ndani wa kikombe. Hugonga kidogo mbele, kidogo nyuma, kidogo kulia, kidogo kushoto, akizunguka hivyo mpaka kikombe kitoke sawa. Hapa ndipo fremu nyingi zinapokufa. Mwenye haraka hupiga upande mmoja kwa nguvu. Kikombe hulala kombo na kuipanua shingo kama kabari inavyopasua gogo. Shingo ikishapanuka, kikombe kipya hakitakaza. Wengine huvisha vipande vya bati, lakini bati hulegea, na hatari hurudi pale pale. Baadhi ya mafundi hutumia bomba lililopasuliwa mwisho wake katika miguu minne iliyotanuliwa kidogo. Likivutwa ndani ya shingo, miguu hufunguka nyuma ya kikombe na kukisukuma pande zote kwa pamoja.

Nne, koni iliyo kwenye uma nayo hugongwa kwa zamu pande zote mpaka itoke, maana kikombe kipya juu ya koni iliyochakaa hakidumu. Kisha shingo hupanguswa na kutazamwa vizuri kwenye mwanga. Ikionekana imepasuka, fremu hiyo isibebe tena mtu wala mzigo.

Katika kununua, mwenye baiskeli aende dukani na vikombe na nati za zamani mkononi. Uma nyingi za Raleigh za kale, zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zina mikato 26 ya parafujo kwa inchi moja, hali baiskeli nyingi nyingine zina 24. Nati ikikataa baada ya mzunguko mmoja au miwili, isilazimishwe.

Vikombe vipya hupakwa grisi kidogo nje na kuvutwa ndani kwa bolti ndefu yenye washa pana pande zote mbili, vikiingia sawa bila kupigwa. Kazi ikiisha, breki ya mbele hushikwa na baiskeli kusukumwa mbele na nyuma: shingo isicheze. Gurudumu likiinuliwa, usukani ugeuke kwa uzito wake wenyewe bila kujishika mahali popote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vikombe huuzwa kwa bei ndogo. Fremu ni ghali, na mtu hana wa kumbadili. Anayegonga polepole, akizunguka pande zote, huokoa vyote viwili.